Bibi Anasikia Baridi

Kila asubuhi Kazija alifagia uwanja, akamtilia chai bibi yake, Bi Mwanawema, kisha akashika njia ya shule pale Wawi. Njia yenyewe fupi, ila yeye aliirefusha. Msimu wa karafuu majamvi ya kuanikia yalitandikwa kila kiwanja, na harufu ile ilimlevya, akatembea huku akili imekwenda zake. Tangu mama yake afariki, nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi.

Siku hiyo Mwalimu Ghania alikuwa akifundisha vitenzi vya Kiingereza.

"Kiswahili chetu ni karimu," alisema. "Neno kusikia twalitumia kila mahali. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi. Mwingereza hakubali. Sauti kwake ni hear. Harufu ni smell. Baridi, njaa, maumivu, hayo ni feel. Na ukitega sikio kwa makusudi, hapo husema listen."

Kazija alikuwa amekaa karibu na dirisha, macho yako nje kwenye majamvi. Alinasa neno moja tu, hear. Mengine yalimpita kama mvua juu ya makuti, sauti tamu ya kusinzilia.

"Kazija, umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Wala hakusema uongo. Sauti aliisikia vizuri tu.

Aliporudi nyumbani alimkuta bibi amejikunyata chini ya kanga, meno yanagongana. Alasiri hiyo alikuwa amefika daktari wa Kizungu aliyezunguka vijijini, mgeni kabisa kisiwani, na mkalimani wake mgonjwa. Kazija alimkokota bibi mpaka kwenye baraza walikokusanyika watu, akajitia ujuzi.

"Mwambie nasikia baridi mpaka mifupani," bibi alinong'ona.

"My grandmother hears cold," Kazija alisema kwa sauti, ili majirani nao wajue kwamba anasoma. "She hears cold very much."

Daktari alilirudia neno hears, akashika sikio lake mwenyewe kuuliza. Kazija akaitikia kwa kichwa. Basi bibi wa watu akachunguliwa masikio, la kulia na la kushoto, akapewa kichupa cha matone na dawa ya mafua.

"Mbona masikio, mjukuu wangu?"

"Ndivyo wanavyotibu wao, bibi."

Asubuhi yake Bi Mwanawema alikuwa anawaka moto. Alimtazama Kazija asimjue, akamwita kwa jina la marehemu mama yake. Kazija aliogopa sana. Alitoka mbio miguu mitupu hadi kwa Mwalimu Ghania.

"Jana ulimwambiaje daktari?" mwalimu aliuliza.

"Nilimwambia she hears cold."

Mwalimu alifumba macho. "Cold kwao ni baridi, na mafua vilevile. Umemwambia bibi yako ana mafua yaliyomwingia masikioni. Ilikuwa useme feels. Na akikupuuza, mwambie listen, akusikilize. Twende, huenda hajaondoka."

Motokari ya daktari ilikuwa imeshawashwa kwa safari ya Micheweni. Mwalimu alikuwa nyuma, pumzi zimemwishia. Kazija akaushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"My grandmother feels cold," alisema, machozi yanamtiririka. "Feels. My mistake. Please, listen."

Daktari alizima gari. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuatana nao nyumbani. Alipomgusa Bi Mwanawema kipaji cha uso akatamka, "Malaria," na neno hilo halikuhitaji mkalimani. Akaacha kwinini, chungu ya kukunja uso, na bibi akainywa yote.

Siku zilikwenda kwa dawa na uji. Jioni moja Bi Mwanawema alifumbua macho, yametulia. "Kazija," alisema polepole, "nasikia harufu ya karafuu."

Kazija aliangua kilio kwa kuitwa jina lake. Mwalimu Ghania, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alimwacha alie kwanza.

"Siku ile masikio yako yalikuwa darasani, mwanangu, wewe hukuwapo," alisema. "Kusikia hakuna kazi, hata aliyesinzia husikia. Kusikiliza ndiko kunakomtaka mtu mzima mzima. Na usilolijua, sema hulijui. Kujitia ujuzi kulikaribia kukukosesha bibi. Umesikia?"

Kazija alifuta machozi. "Nimesikiliza, mwalimu."

"Basi nisikilize na mimi," Bi Mwanawema alisema kitandani. "Nasikia njaa."