Vipimo vya Mama Mdogo

Nyumbani kwetu sote ni watu wa vipimo. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, ni fundi cherehani; yeye hupima vifua na viuno. Mimi niko maabara ya zahanati, napima damu na mkojo. "Wewe unawapima wakiumwa," alikuwa akinitania, "mimi nawapima wakiwa na sherehe. Nani ana kazi ya maana?" Na kwa majivuno ya ufundi wake alikuwa na msemo ambao mtaa mzima unaujua: nguo isiporudi, ujue imemkaa mtu.

Kidonda cha kwanza kilimtoka begani, siku ya kawaida kabisa, akiwa anapiga pasi suruali ya mteja. Kidogo tu, kama amechomwa na kitu. Tukasema mdudu. Wiki ile ile kikaja cha pili kwapani, cha tatu ubavuni. Havikutoa usaha, havikupona, na maumivu yake yalimfanya ashindwe hata kuegemea kiti. Mimi nikasema, haya, hospitali zipo za nini? Twende.

Tukazunguka weee. Daktari wa kwanza akasema mzio, akatupa dawa ya kupaka. Wa pili akasema fangasi. Wa tatu, mwenye haraka zake, akasema ni mawazo, mama apumzike. Mawazo! Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Damu yake niliipima mwenyewe, kwa mikono yangu hii, mara tatu. Safi. Na mama mdogo anazidi kukonda, anaugulia chini kwa chini ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Niliogopa kumzika mama wa pili.

Daktari wa ngozi angalau alikuwa na subira. Alichora umbo la mtu kwenye karatasi, akatia nukta kila penye kidonda. Nukta kumi na moja. "Sijui ni nini," akasema. "Nendeni na hii. Kikitoka kingine, kitieni alama hapa." Nilimheshimu kwa kukubali kwamba hajui.

Tuliporudi niliiweka ile karatasi kwenye meza ya kukatia, kando ya mkasi. Mama mdogo akaitazama, kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini polepole.

"Nani kachora hizi pini?"

"Pini gani, mama? Ni vidonda vyako hivyo."

Akapitisha kidole kwenye nukta. Bega. Kwapa. Ubavu. Kiuno. "Hapa unabana, na hapa unabana. Mwanangu, hili ni gauni linapunguzwa." Kisha akanong'ona, "Imebaki shingo tu. Shingo humaliziwa mwisho."

Ndipo akanieleza habari za mteja wa kitambaa cha kijivu. Alikuja mchana kweupe, mwanamke mpole, kavaa sweta kwenye joto lile. Alitaka gauni la ndugu yake mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Ana mwili kama wako, fundi, akasema, jipime mwenyewe tu. Mafundi wanafanya hivyo kila siku, wala si ajabu. Mama mdogo akajizungushia futi, akajisomea namba, akaziandika kwenye daftari la wateja chini ya jina la mtu asiyemjua. Mwanamke akaja kulichukua gauni. Siku ya pili yake, begani pakachomwa.

Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini nilichukua futi nikampima, kisha nikafungua daftari. Kiuno kilikuwa kimeandikwa thelathini na nane. Futi ilikomea thelathini na moja.

"Tufute," nikasema.

"Ukurasa hauachwi bila vipimo. Watu wakigombea nguo, daftari ndilo linaloamua." Akanisogezea kalamu. "Tubadilishe. Vipimo vikikosewa, nguo inarudi kwa fundi. Ikirudi, nitachomoa pini zote. Andika wewe, mkono wangu hauwezi. Tunga mtu asiyekuwepo."

Nikazikata namba zake. Nikaandika haraka, bila kufikiri, kama zilivyonijia. Bega kumi na tano. Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na tisa. Nyonga arobaini na moja.

Kesho yake alilala mpaka jua likapanda. Siku ya tatu vidonda vikaanza kukauka. Wiki mbili baadaye alikuwa anamaliza sahani mbili za chakula na kunifokea kwa kuacha taa zikiwaka. Nililia kwa furaha chooni kazini, sikufichi. Tukawa tunalingoja gauni tu.

Halikurudi.

Jumatatu, nikivaa koti langu la maabara, kitu kikanichoma begani. Nikalivua, nikalipekua. Hakuna kitu. Nikajitazama kwenye kioo. Kidonda. Kidogo tu.

Nikajitoa damu. Nikapima. Nikarudia. Nikarudia tena. Safi.

Mama mdogo alikuwa anaimba kwenye cherehani nilipoingia. Nilivuta ukosi wa blauzi aone. Wimbo ukakatika. Akafungua daftari, akausoma mwandiko wangu.

"Hizi ulizitoa wapi?"

"Kichwani, mama."

"Kichwani." Akavua futi shingoni, akanizungushia kiunoni. Ishirini na tisa. "Mwanangu, hizi ni zako. Kila nikikushonea nakusomea kwa sauti. Hata koti la kazini nililikata kwa namba hizi hizi."

"Gauni bado linaweza kurudi," nikasema.

"Nguo isiporudi," akaanza. Msemo ulikuwa wake mwenyewe.

Alikuwa ameweka kidole kwenye daftari, chini ya nyonga, mahali nilipopaacha wazi. Palikuwa pamejazwa, kwa mwandiko usio wangu wala wake. Shingo, kumi na tatu na nusu.

Futi ilikuwa mkononi mwake. Hakuna kati yetu aliyethubutu kupima.