Kola ya Kumnyamazisha Goma

Asubuhi hiyo duka la Fumie lilinuka mbwa aliyelowa, na mbwa hakuwepo.

Ukutani zilijaa kola: za hariri zenye njuga kwa paka, zinazofunguka zenyewe paka akinasa tawini, za ngozi kwa mbwa wapole, za minyororo kwa wabishi. Kwenye msumari wa mwisho, uliokuwa mtupu jana, ilining'inia ile yenye kijisanduku, inayompiga mbwa shoti kila akibweka.

"Baba Nao," Fumie alimwita mumewe taratibu, "hii si uliitupa?"

"Niliitupa na takataka za vyuma," alisema Tetsuo.

"Hukuipeleka hekaluni ikasomewa sala, kama wafanyavyo kwa vitu vya marehemu?"

"Kola ya mbwa? Basi kesho tuvifanyie matanga na viatu vyangu."

Goma alikuwa mbwa wa mama yake Tetsuo, Bibi Kinu. Majirani walipolalamikia kelele, Tetsuo alimvika kola ile. Ndipo bibi akaanguka bafuni akioga maji ya moto. Goma alilala mlangoni, kila akijaribu kuita anaungua, mpaka maji yakapoa na bibi akapoa nayo. Wiki haikuisha, mbwa naye akafa.

Tetsuo alicheka utani wake mwenyewe wa viatu. Kicheko kikakatika, akajishika koo. Alama mbili nyekundu zilimtoka shingoni, pale pale kola ilipomgusa Goma. Mkuki kwa nguruwe huwa mtamu. Sasa alijaribu kuuliza kuna nini, akachomwa tena.

Fumie alimkokota hadi hekaluni, kola mkononi. Mtawa aliiweka kola mbele ya ubani.

"Mbwa huyu hataki sala zangu," alinong'ona. "Anataka umwombe msamaha. Wewe, kwa sauti yako."

Tetsuo alivuta pumzi, na kadiri sauti ilivyompanda kooni ndivyo harufu ya manyoya yanayoungua ilivyojaa ukumbini, na kucha zisizoonekana zikakwaruza mbao zikimzunguka, zikimsubiri, naye akafungua mdomo, akaufumba, akafungua tena, mpaka akaanguka kifudifudi akilia bila mlio.

"Hata kwa kunong'ona, Baba Nao," Fumie alimsihi.

Hakuweza. Tangu siku hiyo hakusema neno, na kola ikarudi msumarini kwake.

Juzi Fumie alikuwa dukani akishona njuga. Nyuma ya ukuta, bafuni, Tetsuo aliteleza. Ukelele mmoja ungetosha kumwita mkewe, lakini hakuthubutu kuutoa. Fumie alipomkuta, maji yalikuwa yameshapoa. Mkeka wa mlangoni ulikuwa umelowa, bado una joto la mnyama aliyeinuka sasa hivi.

Dukani, msumari wa mwisho ulikuwa mtupu.