Upindo Kwenye Kikokotoo cha Kodi

Kila akitoka shule, kazi ya kwanza ya Sindano ni kuokota pini. Ana sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika mbovu. Anaifunga kamba na kuiburuta sakafuni mwa kibanda cha mama yake kama mtu anayetembeza mbwa, na pini zote zilizodondoka mchana zinairukia na kung'ang'ania. Akimaliza hapo anavuta stuli karibu na cherehani, anafungua daftari la vipimo, na kazi yenyewe inaanza.

"Kiuno, thelathini na mbili!" Mama anataja, futi ikiwa imemzunguka mteja.

"Thelathini na mbili," Sindano anarudia, ndipo anaandika.

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda: namba haiandikwi mpaka irudiwe kwa sauti.

Sheria ya pili iko kwenye meza ya kukatia. Mama akishachora kwa chaki, mkasi haupiti kwenye mstari. Unapita nje kidogo, upana wa kidole, ili kibaki kitambaa cha upindo, kile kinachokunjwa kwa ndani na kushonewa. "Ukikata kamili umekwisha," Mama husema karibu kila siku. "Acha upindo, mwanangu. Acha upindo." Sindano angeweza kuyasema maneno hayo hata usingizini.

Jina hilo la Sindano alipewa na kinyozi wa chumba cha pili, na alitoa sababu mbili: umbo lake na ulimi wake. Mtoto alikuwa darasa la saba, mwembamba, na hakuna jambo aliloogopa kulishika.

Ndiyo maana juma lile alilishika la kodi.

Hospitali ilikuwa inatafuta fundi wa kushona sare za wauguzi. Mama alikuwa ameshashona sampuli, gauni jeupe lililokaa kwenye sanamu ya dirishani utadhani limeota pale. Kazi kama hiyo ingekilisha kibanda mwaka mzima. Kilichobaki ni cheti cha ofisi ya kodi, ambacho hutolewa baada ya kujaza ritani, ile taarifa ya mapato na gharama za mwaka, na maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa adhuhuri. Tatizo ni kwamba ritani za Mama zilijazwa siku zote na bwana wa duka la fotokopi, na bwana huyo alikuwa amehamisha duka na namba yake ya simu haipatikani.

"Mama, lete simu," Sindano alisema.

"Ya nini?"

"Kodi siku hizi inajazwa mtandaoni. Mwalimu wa hesabu alituonyesha. Kuna kikokotoo chao, unaweka mapato, unaweka gharama, kinakutolea kodi yenyewe. Ukikubali, unabonyeza na ritani inakwenda."

Mama alikuwa na pini nne mdomoni na mteja asiyetulia mbele yake. "Una hakika?"

"Mama! Nikikosea hesabu ya kujumlisha na kutoa, nirudishwe darasa la kwanza."

Mama alimpa simu, akamtajia namba yake ya mlipakodi na neno la siri, akarudi kwenye bega la mteja.

Pale kwenye benchi la nje alikuwapo Redio, mwanafunzi mwenzake, anasubiri suruali yake ishonwe kiraka. Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisogea mara moja kuchungulia.

Mapato yaliingia bila shida, maana Mama aliyaandika kila jioni kwenye daftari la mauzo. Zikafuata gharama: vitambaa, nyuzi na vifungo, kodi ya pango, umeme. Sindano alizijua kwa kukadiria, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kununua nusu ya vitu hivyo. Alipofika kwenye vitambaa alisimamisha kidole.

"Ngoja niache upindo," alisema, akaongeza kidogo.

Kodi iliyoonekana chini ya kikokotoo ikashuka palepale.

"We!" Redio akaruka. "Imeshuka! Hebu ongeza na nyuzi."

Akaongeza nyuzi. Ikashuka tena. Akaongeza umeme.

"Na kwenye mapato huachi upindo?" Redio aliuliza.

"Mapato hayakunjwi," Sindano alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka kinyozi akatoa kichwa dirishani, mashine ya kunyolea mkononi.

"Mnafanya nini hapo, mawaziri wa fedha?"

"Tunajaza ritani, mjomba."

"Basi msiwaambie yote!" Kinyozi alicheka, akarudi kwa mteja wake mwenye nusu kichwa.

"Mama, nitume?" Sindano aliita.

"Umemaliza? Tuma tu," Mama alijibu bila kugeuka. Sindano akabonyeza. Jioni hiyo alitembea kibandani kama mkaguzi mkuu, mikono nyuma.

Siku ya pili yake, Jumatano, simu ililia wakati Mama yuko meza ya kukatia. Sindano aliufungua ujumbe akitarajia cheti. Hakikuwa cheti. Ofisi ya kodi ilisema gharama zilizotajwa hazilingani na risiti za wauzaji zilizo kwenye mfumo. Cheti kisingetolewa mpaka ritani irekebishwe au mlipakodi atoe maelezo.

Sindano aliusoma tena. Wauzaji wa vitambaa hutoa risiti za mashine, na kumbe kila risiti ilikuwa imeshafika ofisini kabla yake! Alitoka hadi benchi la nje, alikokuwa Redio amekuja kuchukua suruali yake, akamwonyesha.

"Rahisi," Redio alinong'ona, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi. "Mwambie mtandao umegoma. Kila mtu husema hivyo. Nani atakataa?"

Sindano aliangalia dirishani. Gauni jeupe lilikuwa pale kwenye sanamu, na Mama alikuwa anapita mbele yake akaondoa uzi mmoja uliokuwa umening'inia kwenye kola. Akautazama tena mshono, akatabasamu peke yake.

"Mtandao haujagoma," Sindano alisema, akaingia ndani.

Alieleza yote akiwa amesimama, bila kuruka kitu. Mama aliweka mkasi chini.

"Umeacha upindo," alisema polepole. "Kwenye kodi."

Upande wa pili wa ukuta kinyozi alipasuka kwa kicheko. Mama hakucheka.

"Ulipoandika, ulijua si kweli?"

"Mwanzo nilidhani ndivyo inavyofanywa, kama kitambaa. Halafu nikaona kodi inashuka, nikafurahi. Hapo nilijua, Mama."

Mama aliitundika futi shingoni. Kisha akavuta daftari la vipimo na kuliweka mbele ya mwanawe. "Mteja kiuno chake thelathini na mbili. Humu unaandika ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Na upindo unauweka wapi?"

"Kwenye kitambaa, wakati wa kukata."

"Ukiuandika humu je?"

"Wewe ukija kukata utaongeza tena. Mteja... mteja atapotelea ndani ya suruali."

Ukutani kinyozi alicheka tena, na safari hii hata mdomo wa Mama ulitikisika. "Basi kikokotoo ni daftari hili hili. Kinapokea kipimo tu. Ukikipa kipimo cha uongo, kinakushonea jibu la uongo, tena kwa adabu zote. Na mimi pia nina kosa. Nimesema tuma bila kurudiwa namba hata moja. Leta kopo."

Kopo la biskuti lililojaa risiti lilishuka kutoka rafuni. Redio alipewa kazi ya kuzipanga, na kwa mara ya kwanza alinyamaza. Sindano alifungua sehemu ya kurekebisha ritani. Mama alichukua risiti, akataja. Sindano alirudia kwa sauti, ndipo akaandika. Taja, rudia, andika, kama wanampima mtu.

Karibu na chini ya kopo Mama alisimama. "Hii ya fundi aliyetengeneza cherehani kubwa. Uliiweka?"

"Sikuikumbuka."

"Unaona? Ya uongo umeongeza, ya kweli umeiacha."

Walipofika mwisho, kodi ilikuwa imepanda kuliko ile ya Sindano. Mama aliitazama, akashusha pumzi. "Ndiyo yangu hiyo. Nalipa." Alirudia kusoma ukurasa mzima, mstari kwa mstari, akabonyeza mwenyewe, kisha akalipa kwa simu ileile.

Cheti kilifika Alhamisi alasiri, na Ijumaa asubuhi Mama alipita getini mwa hospitali na bahasha kwapani, gauni likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kazi alipewa, na haukupita muda mrefu wauguzi wakawa wamepanga foleni kibandani, na Sindano anaandika vifua na viuno mpaka kalamu inakwisha wino.

Siku moja, foleni ilipopungua, Mama alimwambia akikunja futi, "Wewe ni hodari, hilo halina ubishi, na simu usiiache. Lakini mashine inajua kuhesabu tu. Haijui kusema kweli. Kusema kweli ni kazi ya mtu anayeishika."

Sindano alikuwa bado anaitikia kwa kichwa wakati kinyozi alipoingia, simu mkononi, anajichekesha.

"Mpwa wangu, na mimi ritani yangu inanisumbua. Hebu nifanyie. Ila uniachie upindo kidogo, eh?"

Sindano alivuta stuli, akatoa kalamu sikioni.

"Kalete risiti zako zote, mjomba. Halafu usimame wima," alisema. "Nakupima kamili."