Povu Kwenye Birika

Saa nne asubuhi, Jumamosi, birika la Bibi wa Kona lilitoa povu.

Povu lilifurika kwenye mdomo wa birika, likamwagikia jikoni, likazima moto. Chumba kizima kilinuka sabuni. Shangazi alisimama mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua miwani yake aliyoisahau jana. Nyuma yake alisimama mtoto wa kaka yake, msichana waliyemwita Nadhifu, kwa sababu hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha.

Kila Ijumaa shangazi aliwatembelea wajane wa kanisa lao wasioweza tena kutoka nje. Tangu likizo ianze, Nadhifu alifuatana naye. Walisalimia, wakafagia, wakasoma zaburi, wakaomba. Kwa Bibi wa Kona ndiko alikopenda zaidi. Miguu ilikuwa imemgomea Bibi na macho yamebakiwa na mwanga kidogo tu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

Leo aliyekuwa akisema ni mwanawe, fundi bomba.

"Dada, umejionea mwenyewe! Jana usiku nilikula mboga yenye sukari. Leo sabuni kwenye chai. Kesho si ataiunguza nyumba? Akili imeanza kumtoka. Leo hii namhamishia kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne," Bibi akasema. "Utanipandisha kwa bomba?"

"Nitakubeba mgongoni, mama."

"Nikipanda huko, nitashuka siku ya kuzikwa." Kisha sauti ikamshuka. "Mafua yameniziba pua, sikusikia harufu. Labda ni kweli. Labda nimeanza kuchanganyikiwa."

Godoro lake lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba.

Nadhifu alitazama rafu. Makopo matano yaliyolingana ukubwa yalikuwa yamejipanga kama wanafunzi kwenye paredi: mekundu upande huu, ya bluu upande ule. Aliyapanga yeye, jana, shangazi na Bibi walipokuwa wamefumba macho wakiomba.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, shangazi atajua alikuwa akifanya nini wakati wa sala. Akatazama kamba ya godoro.

"Bibi," akauliza, "kopo la sukari hulijuaje?"

"La pili kutoka mlangoni, mjukuu wangu. Tangu babu yenu alipokuwa hai."

"Basi ni mimi. Jana niliyapanga kwa rangi. Pale pa sukari niliweka sabuni ya unga."

Fundi bomba akatikisa kichwa. "Unamtetea tu Bibi yako."

"Hapana, baba. Bibi, niambie yalivyokuwa."

"Chumvi, sukari, majani, unga. Sabuni mwisho kabisa, dirishani, isije ikagusana na chakula."

Nadhifu alifungua kila kopo, akanusa, lisilo na harufu akalionja, akalirudisha mahali pake. Rafu ikawa na rangi shaghalabaghala. Fundi bomba akakunja mikono.

"Haya, mama. Nipe unga."

Bibi alinyoosha mkono, akapapasa, akahesabu kwa vidole, akashusha kopo. Mwanawe akafungua. Unga.

"Chumvi."

Chumvi.

"Na wewe nikupe sabuni uoge?" Bibi akauliza. "Unanuka mabomba."

Fundi bomba akacheka bila kutaka. Kisha akamgeukia Nadhifu. "Ungenyamaza, leo ningemng'oa mama nyumbani kwake."

"Nisamehe, Bibi," Nadhifu akasema.

"Nimekusamehe. Ila Ijumaa ijayo utafumba macho."

Shangazi hakucheka. Alimshika Nadhifu bega. "Umekosea mara mbili na umefanya vyema mara moja. Ulipanga nyumba ya mtu bila kumuuliza. Ukienda kumsaidia mtu, mwulize kwanza anavyoishi. Na tulikuwa tukiomba. Lakini umesema kweli kabla Bibi hajabebeshwa kosa lako. Hilo usiliache maisha yako yote."

Fundi bomba alifungua kamba, akalitandika godoro. Nadhifu alilisuuza birika mpaka maji yakatoka safi, akaliweka tena jikoni. Maji yalipochemka, Bibi alinyoosha mkono kwenye rafu, akashika kopo la pili kutoka mlangoni, akatia vijiko vitatu.

Chai haikutoa povu.