Mbegu za Mtani

Asubuhi ukungu hulala juu ya mto Rufiji, na bonde la Chumbi huonekana kama bado linaota. Katika ukungu huo Tabu alizoea kupita na mikeka yake kichwani, akisalimiwa huku na huku. Alijuana na watu kutoka Chumbi hadi Kibiti. Alipenda kujisifu kwamba watu wote ni wake.

Vita vya Maji Maji vikaja. Mumewe, Kondo, alikwenda vitani, hakurudi. Askari wa Wadachi walichoma ghala za mpunga, na mbegu zikaungua humo humo. Sasa mvua ilikuwa inakaribia. Tabu asipopanda kabla mto haujafurika, watoto wake watakufa njaa.

Akaenda kwa wale waliozoea kumsalimia. Akawakumbusha kwamba walikunywa maji ya mganga pamoja, tena bakuli moja. Walimpokea vizuri, wakampa pole, wakamsindikiza hadi njiani. Mbegu hakupewa. Alirudi na hasira, akiwaita wanafiki.

Jirani yake Mwanaidi alikuwa akiloweka ndiga, mizizi ya porini, ili sumu itoke. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Si wanafiki, shoga," alisema. "Mnajuana tu. Kujuana ni salamu na habari za njiani. Kushibana ni kitu kingine."

"Wa kushibana naye ninaye mmoja tu, wewe."

"Na mimi unaona ninachokula. Watani zako je?"

Tabu akakunja uso. Wamatumbi ni watani wa Wandengereko, watu wa Tabu, tangu enzi za mababu; hutukanana bila kukasirika na huchukuliana vitu bila kuomba, hilo alilijua. Lakini Sadala, Mmatumbi wa karibu na Nyamwage, alikuja msibani kwa mama yake Tabu, akamtania marehemu mbele ya watu, akaondoka na chungu kipya. Tangu siku hiyo Tabu hakutaka hata kumsikia.

"Simpendi yule," alisema. "Wala simjui vizuri."

"Utani hauulizi kama mnapendana," Mwanaidi alimjibu taratibu. "Umewaunganisha watu wengi kama mafundo ya wavu. Wewe umeshika fundo moja, la mbali hulioni, lakini ukivuta linakuja. Anayekusalimia usimdai kazi ya mtani."

Tabu akaenda. Alitembea kama mtu aliye usingizini. Msitu ulikuwa kimya, na vipepeo weupe walitua juu ya majivu ya nyumba zilizoungua. Alimkuta Sadala amekonda, amekaa peke yake nje ya kibanda. Tabu alipiga magoti, akalia, akamwomba mbegu kwa jina la Mungu.

Uso wa Sadala ulisinyaa, akageukia pembeni.

"Kumbe umenitupa," alisema. "Anayeomba hivyo ni mgeni. Mimi ni nani yako?"

Tabu aliona kwamba amemuumiza kweli. Aibu ikamshika. Alisimama, akafuta machozi kwa ncha ya kaniki.

"Basi toka hapo, mwizi wa vyungu," alisema. "Nionyeshe ulikozifukia mbegu zangu."

Sadala alicheka mpaka akakohoa. Akafukua mtungi nyuma ya kibanda, wakagawana mpunga uliokuwamo, huku akimtukana Tabu na ukoo wake wote. Tabu alirudi Chumbi akitabasamu njia nzima, akapanda kabla ya mafuriko.

Mavuno yalikuja, watoto wakashiba. Jioni moja mwanamke mgeni aliingia uani na mtoto mgongoni, mifupa mitupu. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ghala.

"Sogea, Mndengereko," alisema kwa lafudhi ya Kimatumbi. "Mmekula vya kutosha."

Tabu hakumjua hata jina. Alimtazama yule mtoto, moyo ukamjaa.

"Huna adabu hata chembe," alimwambia, akamfungulia mlango wa ghala.