Mchoro wa Mkaa Nyuma ya Jukwaa

"Laki tatu zangu," Kopo alisema. "Tulikubaliana uniwekee mkononi kabla ya mazoezi ya mwisho, na mazoezi ya mwisho ndiyo haya."

Mama Tiketi hata hakugeuka. Alikuwa ameshika kiuno katikati ya ghala, anautazama ukuta wa nyuma ya jukwaa kama mtu aliyeona doa kwenye shuka jipya. Shughuli ilikuwa yake: kesho jioni watu waingie, wazunguke wakitazama michoro ya mitaani, kisha wakae watazame baleti. Wazo zuri, hakuna aliyebisha. Kopo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kopo la rangi mfukoni, alikuwa amechora kuta tatu peke yake. Wa nne ulitakiwa mweupe mtupu, ili mchezaji aonekane. Na ulikuwa mweupe, isipokuwa pale katikati.

Pale palikuwa na mtu wa mkaa. Kimo cha mtu mzima, amesimama kwa ncha za vidole, amegeuza mgongo. Hapakuwa na jina la mchoraji. Paa lilivuja miaka nenda rudi, na mkaa haukuchuruzika hata tone. Wachoraji wote wa mjini walipitisha rangi zao kando yake, wakamwacha.

Kopo akaeleza tena kwa nini hakumfunika yule mtu, na subira ilikuwa imemwishia. Wachora kuta wana sheria yao: ukifunika mchoro wa mwenzio bila ruhusa, anakudai ukuta. Unampa mwingine, basi, hakuna mjadala. Mama Tiketi akacheka, akamuuliza huyo mwenzio anakaa mtaa gani wampelekee barua. Halafu akachukua rola mwenyewe, akaichovya, akamburuzia yule mtu mstari mmoja mweupe kutoka kisogoni hadi kiunoni.

"Nimekuanzia. Malizia, hela zako kesho baada ya onyesho."

Angekuwa mtu mwingine angebeba makopo yake akaondoka. Lakini aliyekuwa acheze mbele ya ukuta ule ni mdogo wake Kopo, Unyoya, binti ambaye Kopo alimlipia masomo ya kucheza kwa kuchora mabango ya vinyozi na maduka ya viatu tangu baba yao alipofariki. Kopo akakamata rola. Akapaka kwa hasira, na hasira ikamtoa neno kwa sauti, mafundi wa taa wote wakasikia.

"Mwenyewe akija, aje kwangu. Mimi ni mtu wa neno moja. Nitampa ukuta."

Rangi yote ikakauka, ila pale alipokuwa yule mtu. Kopo aligusa mara ya kwanza, kidole kikarudi cheupe. Akagusa tena mazoezi yalipoanza, bado mbichi, na inanuka. Haikunuka rangi. Ilinuka jivu lililomwagiwa maji.

Unyoya alicheza peke yake jioni ile, kama alivyopangiwa. Aliposhuka jukwaani alikuwa anajikumbatia.

"Kaka," akanong'ona, "yule uliyemweka anishike kiuno nikizunguka, mwambie asinibane. Mikono yake ina baridi."

"Sijamweka mtu."

Binti akacheka, akidhani anataniwa. Kisha wote wawili wakatazama gauni jeupe. Kiunoni palikuwa na alama za vidole, nyeusi, kama za mtu aliyetoka kuchambua mkaa.

Mama yao alilifua usiku huohuo, likatakata. Asubuhi, likiwa bado kwenye kamba, alama zilikuwa zimerudi, ila sasa zimepanda hadi mbavuni. Mama alilianua kimyakimya, akalikunja ili binti asione, akamvuta Kopo jikoni na kufunga mlango. Akamuuliza kama kuna mtu amemwahidi kitu. Kopo akasimulia yote, akitazama sakafu.

"Mpe upesi," mama akasema, kwa sauti ya kuogopa kusikiwa. "Mpe wewe, kabla hajachagua mwenyewe."

Kopo akapaka chokaa ukuta wa nje wa chumba chake, akasimama mbele yake akijiona mpumbavu, akasema, huu ni wako. Akangoja aone kama utabaki mbichi kama ule wa ghala, dalili kwamba umekubaliwa. Jua halijapanda sana, chokaa ikakauka vizuri, kama chokaa yoyote. Akajua amekataliwa.

Alijaribu kumzuia Unyoya asiende. Binti akamwambia kwamba mwalimu wa chuo kikubwa cha baleti anakuja kumtazama yeye tu, na kama kaka yake anaogopa madoa, aandamane naye na sabuni.

Jioni ghala likajaa. Watu wakazunguka kuta tatu, wakamsifu Kopo kwa maneno ambayo hakuyasikia, maana pua yake ilikuwa imeshika harufu moja tu. Wakakaa. Taa zikazimwa ikabaki moja, muziki ukaanza, na Unyoya akaingia, mwepesi, akaanza kuzunguka kwa ncha ya mguu mmoja, na watu wakashusha pumzi, na muziki ukafika mwisho ukanyamaza na yeye hakukoma, akaendelea kuzunguka katika kimya ambamo kilisikika kiatu kikikwaruza ubao, kwaruu, kwaruu, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa, na Kopo peke yake, aliyesimama pembeni ya pazia, ndiye aliyeona kwamba binti alikuwa anazunguka lakini kivuli chake ukutani hakizunguki, kimesimama tuli kwa ncha za vidole, kimegeuza mgongo, na sasa, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake, kinaanza kugeuza uso.

Akaruka jukwaani na kikwangulio chake, akaukwangua ukuta pale palipokuwa pabichi, rangi ikatoka kwa vipande, akakwangua hadi kwenye saruji. Hapakuwa na mkaa. Yule mtu hakuwa ukutani tena.

Nyuma yake kiatu kikanyamaza.

Unyoya alikuwa amesimama kwa vidole, amempa mgongo. Gauni lilikuwa wazi mgongoni, na juu ya ngozi mistari myeusi ilikuwa inapanda yenyewe, ikimchora yule mtu: kisigino, shavu la mguu, goti.

"Ukuta huu mzuri," kinywa cha binti kikasema, na sauti haikuwa yake. "Una joto."

Kopo hakupiga kelele. Alivua shati.

"Neno nililitoa mimi," akasema. "Yeye hakukufunika. Mgongo wangu mpana kuliko wake. Chukua huu."

Akageuka. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Baridi ikamgusa kiunoni, nyembamba kama ncha ya mkaa, ikaanza kupanda, na Unyoya akaanguka magotini akilia kwa sauti yake mwenyewe, akiuliza kwa nini taa ni kali hivi.

Watu walipokwisha kutoka, na mama amekwisha mpeleka binti nyumbani, Mama Tiketi alikuja anatabasamu, bahasha mkononi. Kopo alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, shati amelifunga hadi shingoni, amempa mgongo.

Mama Tiketi akamwambia mwalimu wa chuo amemchukua binti, na kwamba ile ya kuvua shati ilikuwa kali, wangemwambia mapema wangeuza tiketi zaidi. Akaweka bahasha kando yake. Kopo hakuigusa.

"Laki tatu, kamili. Hesabu."

Chini ya shati kitu kilisogea taratibu, kutoka kisogoni hadi kiunoni, njia ileile iliyopita rola ya Mama Tiketi. Mama Tiketi akasikia harufu ya jivu lililolowa. Akarudi nyuma hatua.

"Sasa unataka nini tena?"

Sauti iliyomjibu haikuwa na hasira. Na Kopo hakuwa amefungua mdomo.

"Aliyemalizia amelipa. Wewe ndiye uliyeanza. Nipe ukuta wangu."