Siku Odongo Alipokata Tuta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adero alivuka daraja kupeleka maziwa dukani kwa Mzee Muriuki. Muriuki alihamia huku Nyakach kutoka milima ya Nyeri akiwa kijana. Duka lake lilikuwa sokoni, ng'ambo ya mto. Kila upande wa mto palikuwa na tuta refu la udongo la kuzuia mafuriko.

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umejaa hadi ukingoni, ukinguruma. Adero alikuwa bado dukani aliposikia kelele. Vijana wa kijiji chake walikuwa wamevuka daraja na majembe, na mbele yao alikuwa kaka yake, Odongo.

"Tukikata tuta la huku, maji yatamwagika sokoni, kijiji chetu kipone!" Odongo alipiga kelele.

Muriuki alitoka mbio, Adero nyuma yake, akasimama juu ya tuta. "Odongo, huku kuna watu!"

"Wewe ni mtu wa kuja! Rudi kwenu milimani!"

"Kwangu ni hapa. Watoto wangu wamezaliwa hapa."

Jiwe lilimpiga Muriuki begani, akaanguka. Kabla hajainuka, Odongo alimshushia mpini wa jembe kichwani. Damu ilimfunika uso, akajikokota kando. Adero alipiga mayowe, lakini majembe yalikuwa yameshaanza kazi.

Maji yalipopata upenyo, hayakungoja. Yalirarua tuta, yakabomoa duka la Muriuki na kuzoa ng'ombe wawili waliofungwa kando yake. Kisha udongo aliosimamia Odongo ukaporomoka, naye akatumbukia. Wenzake walitimua mbio.

Adero alikumbuka alichofundishwa na nyanya yake: mafunjo yakifungwa pamoja huelea. Alinyakua tita la mafunjo ya wasusi wa mikeka wa pale sokoni, akalifunga kamba, akalitupa majini.

"Odongo, likumbatie!"

Odongo alilishika, lakini mkondo ulimvuta Adero kuelekea kwenye ufa wa tuta. Mikono miwili yenye damu ikaikamata kamba nyuma yake. Ilikuwa ya Muriuki. Walivuta pamoja hadi Odongo akatambaa nje, akitapika matope.

"Msimwage udongo mtupu, utazolewa na maji," Muriuki aliwaambia watu wa sokoni waliokuja na masepetu. "Kwetu mlima ukiporomoka, tunapigilia vigingi kwanza, tunasuka matawi, ndipo tunajaza."

Wanakijiji nao walivuka wakileta magunia na mafunjo. Kufikia alasiri ufa ulikuwa umezibwa.

Naibu wa chifu alifika na kuuliza nani alimjeruhi Muriuki. Adero alisonga mbele.

"Ni kaka yangu," alisema.

Odongo alimkodolea macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Ni mimi."

Nyanya yao, aliyekuwa akimfunga Muriuki kitambaa kichwani, aligeuka.

"Odongo, ulitaka kumtwika jirani mafuriko yetu, na nusura yakumeze wewe. Mafunjo yetu yamekutoa majini. Vigingi vya kwao Muriuki vimefunga tuta. Kila jamii imepigana na maji kwa njia yake, na sisi tunaokaa pamoja tuna bahati ya kuzijua zote. Ukimfukuza jirani, unafukuza na ujuzi wake. Na wewe Adero, umefanya vizuri kusema ukweli, ingawa umeuma."

Odongo alipiga magoti mbele ya Muriuki. "Mzee, nisamehe. Nitakujengea duka kwa mikono yangu."

"Utajenga," Muriuki alijibu, "lakini tutaanza na tuta."

Keshoye walianza kuliimarisha, watu wa pande zote mbili za mto.